Haya ya Mkwe Sokoni Kakamega

Nilifika Kakamega asubuhi, mgongo unaniuma kwa safari ndefu ya kutoka Mombasa, na hasira zangu nimezibeba mwenyewe kama mzigo wa pili. Watu wakiniuliza safari ile niliendea nini, huwa nawajibu kwamba nilikwenda kutembelea soko. Si uongo. Soko nililitembelea, nikalizunguka mpaka nikalijua, nikanunua sweta na kula mandazi yaliyopoa. Lakini kilichonitoa pwani ni binti yangu. Nilitaka kumwona, naye anione, na sokoni ndipo mahali pekee ambapo bibi yake alikubali jambo hilo lifanyike.

Mke wangu alikwenda kwao kumzika babake, akamchukua mtoto, akakaa huko moja kwa moja. Nilipouliza, nikaambiwa Mombasa kuna joto. Ebo! Kwani alipokuja kuolewa kulikuwa na barafu? Baadaye akapata kazi Uarabuni, kwenye joto la kuchoma nyayo, na mtoto akamwacha kwa mamake. Binti yangu aliondoka kwangu hajang'oa hata jino moja la utoto. Siku hiyo ninayoisimulia alikuwa keshaingia sekondari, na sura yake nilikuwa nimeiona kwenye simu tu, picha ya kwaya, yuko safu ya nyuma, nusu ya uso imefunikwa na bega la mwenzake.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la kwetu Waluhya, maana bila hilo mtu atadhani mimi ni mwendawazimu. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mkwe haingii nyumba ya mama mkwe. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayetoka njia. Hiyo ndiyo heshima, na heshima hiyo inaitwa haya. Nilikulia Likuyani, kwenye mashamba ya mahindi, na haya hiyo nilifundishwa kwa macho kabla sijafundishwa kwa maneno. Namkumbuka baba, mtu mzima, mzee wa kanisa, amevaa suti yake ya Jumapili, akimwona mama mkwe wake anakuja kwa mbali akarusha baiskeli pembeni na kuzama kwenye mahindi ya jirani. Tukasimama barabarani na mama mpaka bibi akapita. Baba alitoka na umande mpaka magotini, akapanda baiskeli, tukaendelea na safari ya kanisani. Hakuna aliyecheka. Tulimwona mtu mwenye adabu zake.

Kwa hiyo mila naijua, na sikuwahi kuidharau. Linaloniudhi ni jinsi mama mkwe wangu anavyoitumia. Huyo mama ni mtu wa leo kuliko mimi. Anaongoza kwaya, anajirekodi akiimba na kuweka kwenye status, anauza nguo za mtumba katika soko la wazi la Kakamega na kuwasalimu kwa mkono makarani wa kaunti, wahadhiri wa chuo, bodaboda, kila anayemjia. Matambiko ya wazee anayaita ushetani. Lakini nikipiga simu mimi kuuliza mwanangu ameamkaje, loo, ghafla mila zote za mababu zinamrudia! Hapokei. Anatuma mtu aniambie kwamba mkwe haongei na mkwe.

Na tena kuna njia ya kuiondoa haya hiyo. Mkwe hupeleka blanketi na shali, kuku huchinjwa, watu wa pande zote mbili hula, na siku hiyo mnashikana mikono, basi, mnakuwa watu wa kuzungumza. Nimeiomba siku hiyo hadi nimechoka. Mara ya kwanza niliambiwa bado anamwomboleza mumewe. Mara ya pili, mahindi hayajavunwa. Mara ya tatu, kwaya ina mashindano. Nikaona nisiulize tena, maana hata mtoto mdogo angeelewa.

Nyumbani kwake nimefika mara moja. Niliketishwa nje, karibu na ua wa michongoma, kwenye manyunyu, nikaletewa obusuma na ingokho, ugali na kuku, chini ya kawa. Adabu tupu! Nikala peke yangu mvua ikinidondokea shingoni. Nilipouliza binti yangu yuko wapi, jirani aliyeniletea maji ya kunawa akasema amekwenda Malinya kwa shangazi zake, kutazama mafahali wakipigana. Siku ya shule. Kuku yule alikuwa mtamu, sitaki kusema uongo, na nilimmeza kwa uchungu.

Aliyenisaidia ni senge, yaani shangazi yangu, dada yake baba. Senge ameolewa mjini Kakamega, amestaafu kazi ya ofisini, na mdomo wake unaogopwa. Alikwenda kwa mama mkwe, akakaa huko mchana mzima, akarudi na masharti. Siku ya soko kubwa, binti angekuja na bibi yake kumsaidia kuuza. Mimi ningekaa upande wa chini kabisa, kwenye wauza akala, zile ndara za matairi. Nisikanyage upande wa juu penye nguo, alipo mama mkwe. Senge mwenyewe angemchukua mtoto, amlete kwangu, tunywe chai, tuzungumze, halafu amrudishe.

"Na wewe," senge akanionya kwenye simu, "ukae pale nilipokwambia. Najua hasira zako."

"Senge, mimi ni mtu mzima."

"Ndio hao wanisumbuanga."

Basi nikafika mapema mno. Saa za chai zilikuwa bado, na mimi nishasimama kwenye akala nimetoa macho. Muuza akala akaniuliza nataka saizi gani, nikamwambia namsubiri mtu. Baada ya kuulizwa hivyo tena na tena nikaona aibu, nikaanza kuzunguka. Nilijiambia nitazunguka upande wa chini tu.

Mtu mgeni akiingia soko lile anaweza kudhani nyumba zote za dunia zimepinduliwa zikamwagwa pale. Kuna kufuli zisizo na funguo, na hatua chache mbele kuna funguo zisizo na kufuli, na wauzaji hao wawili wanaketi mgongo kwa mgongo bila kusemezana. Kuna rimoti za televisheni zilizokwisha kufa, vichwa vya cherehani, sahani za udongo za Wazungu zilizochorwa maua, viatu vya mpira vyenye meno chini, na viatu vya kuchezea kwenye barafu, wallahi, mtu amevipanga vizuri na kuvipaka mafuta, Kakamega! Wengine wanafurahia vitu kama hivyo. Mimi kila nilichokiona kiliniudhi. Niliona kila kitu cha dunia kimefika Kakamega bila shida wala masharti, hata takataka za Ulaya, isipokuwa mimi baba mtu.

Nikafika kwa mama mmoja aliyemwaga nguo za watoto juu ya turubai. Alikuwa amefungua mzigo asubuhi ile, na zile nzuri za mwanzo, wanazoziita kamera, alikuwa amezitundika. Zilizobaki chini ni fagia, za kuokota na kufagia. Nikaona sweta moja ya rangi ya bluu, nzito, haijachuja. Kakamega mvua hainyimi mtu, nikasema hii itamfaa.

"Ni ya nani, kastoma?" mama akaniuliza.

"Ya binti yangu."

"Ako mkubwa aje?"

Nikainua mkono mpaka kifuani, nikaushusha kidogo, nikaupandisha tena.

"Baba, mbona mkono inapanda na kushuka? Mtoto ako namna gani kwani?" Akacheka, na majirani zake wakacheka. "Basi nionyeshe mtoto mwenye wanalingana. Si hawa wanapita hapa?"

Nikaanza kutazama wasichana waliokuwa wakipita. Kuna mwembamba mrefu, kuna mfupi mnene, kuna mmoja amesuka nywele kwa uzi. Yeyote kati yao angeweza kuwa wangu. Nilimwonyesha mmoja tu ili wale mama waache kucheka, nikalipa, nikaondoka na sweta ndani ya mfuko. Mwanamume mwenye mtoto hajui mtoto wake anafika wapi mwilini mwake. Nilimchukia mama mkwe wakati huo kuliko wakati mwingine wowote, na nasema wazi.

Bila shaka ni chuki hiyo iliyonipoteza, kwa sababu niliendelea kutembea bila kutazama ninakokwenda, na nilipoinua macho nikajikuta nimepanda upande wa juu, kwenye kijia chembamba kati ya wauza mapazia na mashuka. Mapazia yametundikwa kwenye kamba kulia na kushoto, mazito, ya maua makubwa makubwa, yanaburura karibu na ardhi. Watu wanapita mmoja mmoja. Na mbele yangu, nikimtambua kwa ule mwendo wake wa kuongoza kwaya, kichwa juu na kitambaa cheupe, anakuja mama mkwe.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri kitu. Mwili wangu ulijua kazi yake kabla yangu, kama ulivyojua mwili wa baba kule Likuyani. Niliingia katikati ya mapazia, nikaupa mgongo ule ujia, nikainamisha kichwa, nikavuta kitambaa kikanifunika mpaka magotini. Harufu ya sabuni ya nchi za watu ikanijaa puani. Mwenye mapazia, mama wa makamo aliyekaa kwenye ndoo aliyoipindua, akaniangalia mara moja tu, akaelewa.

"Mkwe?" akanong'ona.

Nikatikisa kichwa ndani ya pazia kwamba ndiyo.

"Simama hapo hapo. Usitikisike."

Nyayo zikakaribia. Nilitazama chini nyuma yangu, nikaona chini ya upindo wa pazia ndara za mama mkwe, na nyuma yake raba mbili nyeupe zilizooshwa vizuri, kamba zake za rangi mbili tofauti. Kisha nikasikia sauti ya msichana, sauti ya mtoto wa mjini, ya haraka.

"Kukhu, huyo mtu anajificha nini?"

Kukhu ni bibi. Mwanangu alikuwa amesimama karibu nami, ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu ikiwa ya mtoto mdogo, na sasa ilikuwa na uzito ndani yake, ilikuwa sauti ya mtu. Machozi yalinitoka pale pale kwenye maua ya pazia la watu. Kutoka siwezi. Nikitoka, namtokea mama mkwe uso kwa uso, pua kwa pua, ndani ya ujia usio na nafasi ya kupishana, mbele ya soko zima. Hilo ni tusi ambalo kwetu huzungumzwa miaka na miaka. Nikajiambia, tulia, bwana, utamwona sasa hivi kwa senge, muda si mrefu, umesafiri mbali hivi usije ukaharibu kwa pupa.

Nilimsikia mama mkwe akikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejua kabisa ni nani aliye nyuma ya pazia. Zile ndara zikasimama kidogo, halafu zikaondoka, na raba zikazifuata.

Nilipotoka, mwenye mapazia alikuwa anatabasamu kwa fahari, nadhani kwa ajili yangu.

"Wewe umelelewa," akasema. "Siku hizi hawa vijana wanatupitanga tu, wengine wanatusukuma na bega. Wewe ni mkwe kabisa. Hata huyo mama ameona."

Na mimi, lo, nilifurahi! Nilishuka kurudi kwenye akala nikiwa nimenyooka, najisikia mtu. Nilisema moyoni, ameniona leo. Ameona mwenyewe kwamba namheshimu kuliko anavyoniheshimu. Huenda hata lile blanketi atalikubali sasa. Nikaagiza chai kwa mama wa kibanda jirani na mandazi ya watu watatu, nikafuta benchi kwa mkono wangu, nikaketi na sweta yangu mapajani.

Nilingoja. Chai ikafanya utando. Wingu likakusanyika upande wa msituni, kama kawaida ya Kakamega mchana, na wauzaji wakaanza kutandaza nailoni juu ya bidhaa zao. Muuza akala hakuniuliza tena saizi. Matone ya kwanza yalipoanguka nilimwona senge anakuja, amejifunika kichwa kwa mfuko wa plastiki, na yuko peke yake.

Senge hakuketi.

"Yuko wapi?" nikamwuliza.

"Amekataa kuja."

"Nani amekataa? Bibi yake?"

"Mtoto mwenyewe. Baba, mlikutana huko juu?"

Nikamweleza yote: kijia, mapazia, ndara, kikohozi. Nilimweleza kwa majivuno bado, nikidhani atanisifu. Senge alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Unajua mama mkwe wako amemwambia nini mtoto?" akasema. "Mlivyoachana tu pale kwa mapazia, alimwuliza: umeona huyo mtu? Huyo ndiye baba yako. Amekuona, akajificha."

Sikuelewa mara moja. Nilimwomba arudie, akarudia.

"Lakini niliyemkwepa ni bibi yake! Nilijificha kwa ajili yake!"

"Mimi najua. Wewe unajua. Yeye ndiye anajua kutushinda sote. Lakini mtoto amezaliwa mjini, hajawahi kuona mtu akimtoroka mkwe. Nimemweleza, baba, nimemweleza hadi koo imekauka. Ameniambia, senge, nilikuwa hapo. Niliona na macho yangu. Mtu mkubwa mzima aliniona akaingia kwa pazia."

Naomba nisitafutiwe maneno mazuri hapa. Nilitukana. Nilimtukana mama mkwe, nikatukana soko, nikatukana hata baba yangu, Mungu amrehemu, na mahindi yake na umande wake. Heshima niliyofundishwa nikiwa mtoto ndiyo niliyompa yule mama sadaka kwa mikono miwili, naye akaipokea, akaigeuza kisu, akanichoma nayo kwa mtoto wangu. Na hakusema uongo hata neno moja. Nilikuwa nimemwona, ama niliona raba zake, na nilikuwa nimejificha. Hata polisi wangeandika hivyo hivyo.

"Twende nyumbani," senge akasema. "Nitarudi kwake kesho, nitakwenda na mchungaji."

"Kesho atasema kuna mazoezi ya kwaya."

"Baba, kaa. Usipande huko. Ukipanda huko umeharibu kabisa."

"Kuna kitu kimebaki cha kuharibu?"

Nilipanda. Mvua ilikuwa imeshika, watu wanakimbilia chini ya nailoni, na mimi natembea katikati ya njia ya matope peke yangu, senge nyuma ananiita kwa jina nililoitwa utotoni. Nilipita kwenye mapazia bila kuangalia upande. Sikuwa najua kibanda cha mama mkwe ni kipi, nikawa nauliza kwa kumtaja, na kila niliyemwuliza alininyoshea kidole kwa furaha, akidhani mimi ni mteja. Ndivyo anavyopendwa.

Nikamkuta amesimama chini ya turubai, anakunja blauzi, wanawake wenzake watatu wamejibanza naye wakijikinga mvua. Nilisimama mbele yake. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Ni uso wa kawaida tu, wa mama aliyechoka, una kovu dogo kwenye nyusi ambalo sikuwahi kujua kwamba lipo.

"Mama," nikasema, "mwambie mtoto ukweli. Mwambie nilijificha kwa sababu yako. Mwambie mbele yangu."

Blauzi ilimwanguka. Hapo ndipo nilipoona ni hodari kiasi gani, kama ulikuwa uhodari. Mpaka leo sijui. Alivuta leso kichwani ikamfunika uso wote, akageuka, akachuchumaa chini kwenye rundo la nguo na kunipa mgongo, kama inavyotakiwa, kama mama yeyote mwenye haya angefanya. "Uuwi!" akalia, "uuwi, Yesu wangu!" Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Inawezekana alikuwa anaigiza. Inawezekana pia alikuwa ameaibika kweli kweli, aibu ya kwenye mifupa, kama ile iliyonisukuma mimi ndani ya mapazia bila kuniuliza. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba naye huenda anayo.

"Ni mkwe wake?" mmoja wa wale wanawake akauliza.

"Ni mkwe wake! Na amemkaribia hivi? Amemwangalia?"

"Wewe mwanamume umetoka wapi? Huko kwenu hakuna mama?"

"Ameingiwa na pombe huyu."

Watu walianza kutoka chini ya nailoni zao kuja kutazama, mvua au la. Nikasema kwa sauti kwamba sijalewa, kwamba nimekuja kumwona mwanangu, kwamba nimefanya kila kitu kama inavyotakiwa mpaka leo. Nadhani nilipiga kelele. Mama mkwe hakuinuka. Akasema kutoka chini ya leso, si kwangu, bali kwa mwanamke aliyekuwa karibu, kwa sauti ndogo ya heshima: "Mwambieni huyo mtu kwamba mtoto si mzigo. Hakuna mtu amemfunga. Akitaka kumfuata baba yake, amfuate."

Hapo nikamwona. Alitoka nyuma ya mstari wa makoti, amevaa zile raba nyeupe, sasa zina matope. Ni mrefu. Ananifika kwenye masikio, sweta niliyoinunua isingemfika kiunoni. Ana paji la uso la mama yangu, lile pana, na mdomo anaukaza upande mmoja kama mimi nikikasirika. Hakuna mtu angehitaji kuniambia ni nani. Nilisahau wale watu wote. Nilisahau hata maneno niliyokuja nayo, ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima tangu pwani.

Yeye alimwinamia bibi yake kwanza. Akamfunika vizuri leso iliyokuwa ikimteleza, akamshika bega, akamwambia kitu sikioni. Kisha akasimama, akanijia, akasimama karibu, ana kwa ana.

"Mzee," akaniambia, taratibu, kwa adabu, jinsi mtu anavyomwambia mgeni asiyemjua. "Tafadhali, enda. Unaaibisha kukhu yangu mbele ya watu."

Akanyoosha mkono. Nami upesi nikautoa wangu, nikidhani kwamba, pamoja na yote, ananisalimu. Kumbe alikuwa ananionyesha njia ya kutokea.